Hundi, hati na hisa za zamani: karatasi ijishuhudie yenyewe

Sahihi peke yake haitoshi. Ukiletewa hundi ya zamani, hati ya shamba iliyoandikwa kwa Kiarabu, au cheti cha hisa chenye picha ya gari moshi, usianze kwa kuuliza ni nani aliyeitia sahihi. Angalia kwanza kama mambo yaliyomo yanakubaliana: tarehe na fedha, fedha na jina la nchi, jina la nchi na stempu, muhuri na karatasi yenyewe. Mghushi aweza kuiga sahihi ya mtu mmoja. Kuyafanya mambo matano au sita yakubaliane kwa pamoja ni kazi nyingine, na kwa karatasi za Amu, yaani Lamu ya pwani ya Kenya, ni ngumu zaidi, kwa kuwa mji huu uliandika kwa kalenda tatu na ukahesabu kwa fedha nne ndani ya umri wa mtu mmoja.

Tarehe ndiyo mlango. Hati za kadhi, za wakfu na za mauziano ya nyumba hufuata hijria. Kupata mwaka wa miladi kwa haraka, zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Mwaka 1306 hutoa 1888 na kitu, na ni kweli, kwani ulianza Septemba 1888. Hesabu hiyo ni ya kukuelekeza tu. Ukitaka siku yenyewe, tumia jedwali, na hata hapo acha nafasi ya siku moja au mbili: mwezi ulikuwa ukiandama kwa macho, na siku huanza magharibi, si usiku wa manane. Karatasi inayosema "usiku wa Ijumaa" inazungumzia kile ambacho karani wa Kizungu angekiita Alhamisi usiku. Tofauti hiyo si dosari. Bali hati ya hijria na tafsiri yake ya Kiingereza zikipishana kwa miezi, hapo simama.

Miezi nayo huwakosesha wengi. Ukikuta "mfungo sita" usihesabu kutoka Muharram. Mfungo mosi ni Shawwal, mwezi wa kufungulia saumu, na kutoka hapo unahesabu mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mfungo sita basi ni mwezi wa Maulidi, na mtu wa Amu hana wa kumfundisha hilo. Lakini wauzaji wa mtandaoni huutafsiri kuwa mwezi wa sita, na maelezo yote ya hati yanakwenda upogo.

Kalenda ya tatu ni ya madaftari na barua za wafanyabiashara wa Kihindi, zilizoandikwa kwa Kigujarati. Humo mwaka ni wa Samvat, na kwa hesabu ya Gujarat huanza baada ya Diwali, Oktoba au Novemba. Kwa hiyo utaondoa 57 ikiwa mwezi unaangukia kabla ya Januari, na 56 ikiwa ni kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata. Samvat 1950 ni mwishoni mwa 1893 na sehemu kubwa ya 1894.

Na hapa inafaa kulitazama neno lenyewe, hundi. Leo tunalitumia kwa hundi ya benki, lakini limetoka kwa wafanyabiashara hao hao. Hundi yao ilikuwa barua ya amri: fulani wa mji huu amwambia wakala wake wa mji ule amlipe fulani kiasi fulani. Ipo darshani, inayolipwa pale pale inapoonyeshwa, na ipo muddati, inayolipwa baada ya siku zilizotajwa. Kinga yake dhidi ya wizi ni nzuri ajabu. Kiasi hakitajwi mara moja. Mwandishi hutaja jumla, akataja nusu yake, akaamuru ilipwe mara mbili ya nusu hiyo. Anayetaka kugeuza mia kuwa mia tano lazima ageuze na hamsini. Ukiletewa hundi ya Kigujarati, mpe msomaji wa Kigujarati cha kale aitafute nusu hiyo. Jumla na nusu zisipopatana, karatasi imeguswa.

Sasa fedha. Riale ya Maria Theresa haikusaidii kwa tarehe, kwa sababu sarafu ile ilipigwa mwaka baada ya mwaka ikiwa na 1780 ile ile. Hati inayotaja riale yaweza kuwa ya wakati wowote wa karne ya 19. Rupia ndiyo inayosema. Mwanzo iligawanywa kwa anna 16, na anna kwa pesa 4, hivyo rupia moja ni pesa 64. Kuanzia 1906 rupia ya Himaya ya Afrika Mashariki ikagawanywa kwa senti 100. Risiti ya 1898 yenye "rupia 3 na senti 50" haiwezi kuwa ya 1898. Mwaka 1920 ikaja florini, ambayo haikudumu, ikafuatwa na shilingi zenye tarehe ya 1921, florini moja kwa shilingi mbili. Kwa ufupi wa maisha yake, karatasi yoyote ya Amu iliyohesabiwa kwa florini ina thamani kwa mkusanyaji hata kama ni ya magunia mawili ya ufuta.

Majina hufuata mkondo huo huo. Kabla ya 1895 karatasi za kiserikali za pwani zinazungumza kwa jina la Sultani wa Unguja au la Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme Septemba 1888. Tangu Julai 1895 ni Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 bara ikawa koloni na ukanda wa pwani ukabaki himaya, ndiyo maana vichwa vya fomu husema "Koloni na Himaya ya Kenya". Fomu ya "Kenya" yenye tarehe ya 1915 ni ya kurudisha kwa mwenyewe. Hundi za benki zipime vivyo hivyo. Benki ya Taifa ya India ilifungua Mombasa mwaka 1896, na Barclays ile ya herufi D.C.O. (Dominion, Colonial and Overseas) ilizaliwa kwa muungano wa 1925, basi hundi ya Barclays D.C.O. iliyoandikwa 1919 imeandikwa na mtu asiyejua historia ya benki.

Kipindi cha Amu kinachovutia kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni 1885 hadi 1891. Wajerumani walikuwa na himaya yao Witu, bara ya karibu na Amu, kwa Sultani Ahmed aliyejulikana kwa jina la Simba, baada ya ndugu Denhardt kupata ardhi kwake. Waingereza waliitaka forodha ya Amu, Wajerumani waliitaka pia, na shauri likapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyetoa uamuzi wake Agosti 1889. Wakati huo Amu ilikuwa na wakala wa posta wa Kijerumani, uliofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, ukitumia stempu za Ujerumani zilizopigwa muhuri wa jina la mji. Bahasha hizo zinatafutwa sana, na kitu kinachotafutwa huigwa. Muhuri wenye tarehe ya nje ya miezi hiyo ni bandia bila mjadala. Ukiwa na tarehe iliyo ndani, bado angalia kama wino wa muhuri umepita juu ya stempu ukaendelea kwenye bahasha bila kukatika wala kubadilika rangi. Stempu iliyobandikwa baadaye juu ya muhuri halisi, au muhuri wa uongo juu ya stempu halisi, hujulikana pale kwenye ukingo.

Kuhusu sahihi, chukua kioo cha kukuzia mara 10. Kalamu ya kuchovya ina nibu yenye ncha mbili. Mwandishi akikandamiza, ncha hufunguka na kuacha mistari miwili myembamba ya wino mzito kandokando ya mkwaruzo, na wino huingia ndani ya nyuzi za karatasi. Sahihi ya muhuri wa mpira haina mikwaruzo hiyo, wino wake hurundikana pembezoni na katikati ukawa mwepesi. Sahihi iliyochapwa huonekana vitone. Kalamu ya wino yenye kipira nchani, tunayoiita biki, haikuuzwa madukani kabla ya katikati ya miaka ya 1940. Anayeiga polepole huacha mtetemo, na mahali alipoinua mkono pana nundu ndogo ya wino. Mtu anayetia sahihi yake mwenyewe kila siku hainui mkono katikati ya jina.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini wakusanyaji wa nje wanapenda hundi kuliko barua. Barua yaweza kuandikwa na katibu, picha yaweza kutiwa sahihi na msaidizi, lakini benki hulinganisha hundi na sahihi iliyowekwa kwao kabla ya kulipa. Hundi za Charles Dickens kwa benki ya Coutts ya London, na hundi za Orville Wright wa Dayton, zinauzwa hadi leo kwa sababu hiyo. Kwa hisa, mfano mkubwa ni vyeti vya Standard Oil vya miaka ya 1870, vyenye sahihi ya John D. Rockefeller kama rais wa kampuni na Henry Flagler kama katibu. Cheti cha hisa kipindue daima. Mbele ni sahihi za maofisa, nyuma ni ya mwenye hisa akiihamisha kwa mwingine, na mara nyingine jina kubwa liko nyuma ambako muuzaji hakutazama.

Hundi iliyolipwa na hisa iliyorudishwa hubatilishwa kwa tundu, kwa mkato au kwa mhuri mkubwa. Usiogope tundu. Ni ushahidi kwamba karatasi ilifanya kazi yake. Ogopa tundu lililopita katikati ya sahihi, maana hilo huishusha bei sana, na ogopa zaidi tundu lililozibwa, kwa sababu aliyeziba alikusudia kudanganya. Ishike dhidi ya mwanga. Kiraka huonekana kama wingu jeusi.

Karatasi yenyewe nayo husema. Hati nyingi za kale za nchi za Kiarabu na za pwani ziliandikwa kwenye karatasi ya Italia yenye alama ya maji ya miezi michanga mitatu, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia. Alama hiyo huonekana ukiinua karatasi mbele ya dirisha. Kisha chukua taa ile ya dukani ya kukagulia noti bandia, ya nanomita 365, uiwashe gizani. Karatasi ya baada ya takriban 1950 mara nyingi huwa na dawa ya kung'arisha, nayo hung'aa buluu nyeupe. Hati "ya 1890" ikiwaka namna hiyo, mazungumzo yameisha. Karatasi iliyozeeshwa kwa chai huwa kahawia sawasawa kote, hata ndani ya mkunjo. Uzee wa kweli hula pembe na upande wa nje wa mkunjo, ukaacha ndani kweupe zaidi.

Msomaji wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akumbuke kwamba waandishi wa zamani hawakuwa na herufi maalumu za sauti zetu zote. P mara nyingi iliandikwa kwa be, hivyo Pate yasomeka Bate, na v ikaandikwa kwa fe. Jina la mtu lililosomwa vibaya mara moja hurithiwa na kila maelezo yanayofuata, kwa hiyo andika herufi kama zilivyo kabla ya kuandika unavyozisoma. Katika hati za mashamba tafuta mipaka minne, bei, mashahidi na muhuri wa kadhi. Na ukiona "bei ya khiyari", fahamu kuwa si mauzo ya moja kwa moja. Muuzaji alikuwa na haki ya kurudisha fedha ndani ya muda na kuchukua mali yake. Kwa kweli ni rehani, na muuzaji wa vitu vya kale anayeitangaza kama "hati ya kuuza nyumba" hakuisoma.

Na hapa niseme waziwazi: hati ya ardhi iliyo ndani ya sanduku la familia isinunuliwe. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai la ardhi ya pwani alisajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kifalme. Kuna familia ambazo karatasi ya kadhi ya babu ndiyo ushahidi wao pekee. Bi mkubwa akikufungulia kasha na kukuonyesha, mwombe ruhusa ya kupiga picha, umpe nakala safi, umweleze namna ya kuitunza, na uirudishe ndani ya kasha mbele ya macho yake. Hati za kuachwa huru, na za fidia za baada ya sheria ya utumwa ya 1907, zina majina ya watu ambao wajukuu wao wanaishi mitaa hii hii, na kuyatundika mtandaoni bila kuwauliza ni kuwavunjia heshima. Karatasi yenye namba ya jalada la mahakama au ofisi ya serikali ni mali ya umma hata kama imekutwa sokoni. Nyaraka hizo zinalindwa na sheria ya nyaraka za taifa ya 1965. Sheria ya makumbusho ya 2006 inaweka mpaka wa 1895 kwa vitu vya kale, lakini imetoa vitabu na hati katika maana hiyo, na wengine hudhani basi ni ruhusa. Kabla ya kutoa hati yoyote nje ya nchi, iulize Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwa maandishi.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi, na Amu haina huruma na karatasi. Unyevu wa hewa hupita asilimia 70 mara nyingi, na ukungu huanza kuota kuanzia 65 au 70. Lengo ni chini ya 55. Nyumba za mawe ni nzuri kwa joto, lakini ukuta wa matumbawe hunyonya maji na chumvi, kwa hiyo vidaka, kwa uzuri wake wote, si mahali pa hati. Sanduku likae katikati ya chumba cha juu, sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni.

Tumia kontena la plastiki gumu lenye mpira kwenye kifuniko. Kwa lita 30 weka gramu 600 za silika jeli ile inayobadilika kutoka chungwa kwenda kijani, ndani ya mfuko wa kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri. Ile ya buluu iache, ina sumu. Ikigeuka, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Kosa kubwa ni kufungia karatasi iliyo na unyevu: sanduku lisilopitisha hewa hugeuka kitalu cha ukungu ndani ya siku mbili. Kazi ya kufungua, kukausha na kupanga ifanywe wakati wa kaskazi, Januari na Februari. Wakati wa masika usiguse.

Mfuko wa kila karatasi uwe wa poliesta au wa karatasi isiyo na asidi. Mifuko laini inayonuka plastiki ni ya PVC, nayo hutoa asidi na kunyonya wino mpaka sahihi ikahamia kwenye mfuko. Kulamineti, kama wanavyofanya kwenye duka la fotokopi, ni kuua. Joto huyeyusha gundi ndani ya nyuzi na haitoki tena. Selotepu hugeuka kahawia na kupenya. Pini na stepla ziondoe kwa kuzinyoosha kutoka nyuma, si kwa kuzivuta, kwa sababu kutu imeshashikana na karatasi.

Wino wa chuma, uliopikwa kwa chumvi ya chuma na tanini, hula karatasi taratibu na kuacha maandishi kama yaliyokatwa kwa wembe. Usiuloweshe hata kidogo, maana maji husambaza chuma kwenye sehemu iliyokuwa salama. Wino wa masizi na gundi, wa hati nyingi za Kiarabu, hauli karatasi, ila huyeyuka kwa tone moja. Kwa hiyo ukungu ukiona, kausha kwanza, kisha nenda nje penye upepo na barakoa usoni, upanguse kwa brashi laini. Mpasuko uzibwe kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya methili selulosi. Gundi ya wanga wa ngano inashika vizuri zaidi, lakini hapa kwetu ni chakula cha mende.

Kwa wadudu, iwe ni mdudu mwembamba wa rangi ya fedha au mtoboaji wa vitabu, friza ya nyumbani inatosha. Funga karatasi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa mfuko, usiufungue kabla ya saa 24 kupita, la sivyo maji yatatua juu ya wino. Naftalini isikae ndani ya sanduku. Majani ya mwarobaini yanaweza kuwekwa nje yake, kamwe si kati ya kurasa, kwa kuwa yakioza huacha doa.

Piga picha pande zote mbili, hata ule mtupu, kwa nukta 600 kwa inchi, na picha moja zaidi ukiwa na tochi iliyolazwa upande mmoja. Mwanga wa ubavuni huonyesha palipokwanguliwa na kuandikwa upya. Kisha kwa penseli ya 2B, kwenye jalada na si kwenye hati, andika imetoka mtaa gani, ilikuwa kwenye sanduku gani, na karatasi gani zilikuwa juu na chini yake. Kifurushi kilichofungwa uzi kisivunjwe kabla ya kila karatasi kupewa namba.